Buoux: kwa nini wapandaji walilihama, na kama bado inafaa kwenda

Mkuu, umeuliza kwa nini Buoux, jabali ambalo miaka ya 1980 kila mpanda miamba alitamani kulifikia, siku hizi halitajwi, na kama safari ina faida. Nimepanda pale zamani na karibuni pia. Nenda tu.

Jabali ni lile lile, ila ladha za watu zimehama. Buoux iko bonde la Aiguebrun, kusini mwa Ufaransa. Ukuta wake umejaa vishimo, vingine vinaingia kidole kimoja tu, tena nusu yake. Pale misuli mikubwa haikusaidii sana. Kinachotakiwa ni kano za vidole na miguu iliyotulia. Aliyefundwa kwenye ukumbi wa kupandia, kwenye kuta zinazomwinamia na vishikio vya kujaza kiganja, akifika hapa anatolewa jasho na njia ya 7a (daraja la ugumu la Kifaransa: namba na herufi zikipanda, ugumu unapanda), na nani anafunga safari ili akaaibike? Wengi wakakimbilia Kalymnos kule Ugiriki, wengine Catalonia kule Hispania. Hata ndani ya Ufaransa macho yalihamia jabali la Céüse, hasa mpandaji Mmarekani Chris Sharma alipoimaliza njia yake ngumu iitwayo Biographie mwaka 2001.

Wanaosema mwamba umesuguliwa mpaka unateleza wana nusu ya ukweli. Njia rahisi, ambazo kila mgeni alianzia, zinang'aa na mguu haukai. Zile ngumu bado zina ukwaruzo wake, maana waliofika kuzigusa ni wachache.

Kilichoipaka doa zaidi, kwa maoni yangu, ni patasi. Enzi zile kuchonga kishikio hakukuwa kashfa kama ilivyo leo. La Rose et le Vampire, njia ya 8b aliyoifungua Antoine Le Menestrel mwaka 1985, ina vishikio vilivyochongwa. Lakini simama chini yake umtazame mtu akiipanda: mkono mmoja unapita nyuma ya mwingine, unaendelea kwenda mpaka mwili mzima unageuka, uso unaangalia bonde na mwamba uko mgongoni. Mbinu hiyo sasa wapandaji wa kila nchi wanaiita "rose", kutokana na njia hii. Patasi au si patasi, mimi naivulia kofia. (Jirani yake kuna Agincourt, 8c ya Mwingereza Ben Moon, 1989. Jina ni la vita ambavyo Waingereza waliwapiga Wafaransa, na kaliweka huko huko kwao!)

Ukienda, chagua majira ya kuchipua au ya vuli. Kiangazi jua linaunguza. Bolti ya kwanza, yaani chuma kilichopigiliwa mwambani ili kamba ishikizwe, mara nyingi iko juu kuliko ulivyozoea, kwa hiyo beba fimbo ndefu ya kuchomekea kamba. Sehemu ya jabali hairuhusiwi kupandwa, soma vibao kwanza. Na shuka daraja mbili chini ya kiwango chako kwa siku za mwanzo, vidole vizoee vishimo kabla hujavidai zaidi.