Mke Wangu Kapata Kiburi Uzeeni

*Somo, mimi ni mstaafu, umri 63, naishi Jambiani. Mke wangu ana 54. Miaka yote alikuwa mtulivu, sasa kabadilika. Kanunua friji bila ya kuniuliza. Kwenye mkutano wa shehia kashika kipaza sauti, kasema mbele ya sheha. Juzi nawaeleza wageni nilivyojenga nyumba hii, akanikata: "Tumejenga." Hata mabati alipoyanunua kwa pesa zake za mwani mimi sikumsema. Mpwa wangu ana kipimo cha kujithamini kwenye simu, maswali kumi. Nilimjazia mke wangu, akatoka na alama za juu kabisa. Nafikiria kuoa mke wa pili ili akae sawa. Nipe rai.*
*Niliyedharauliwa*

Pole kwa kustaafu, kaka yangu. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nyumba umejenga wewe, mistari michache chini mabati kanunua yeye. Sasa "tumejenga" ina uongo gani? Bibi wa watu kaingia baharini kila bamvua, maji kiunoni, kafunga mwani kwenye kamba, kauanika, kauza, kakuezekea. Wewe unamsamehe kwa kununua bati!

Na hicho kipimo, umemjazia? Maswali yale mtu hujijibu mwenyewe, maana yanauliza anavyojiona yeye, si anavyoonekana na mume aliyenuna barazani. Kama ndicho nikijuacho, kilitungwa na Mmarekani, Morris Rosenberg, mwaka 1965, akiwapima vijana wa skuli. Kila swali lina majibu manne, toka kukubali kabisa mpaka kukataa kabisa, na nusu ya maswali yamepinduliwa, ukiyakubali ndiyo umejishusha. La kiburi hamna hata moja. Mwenyewe alieleza kuwa alama za juu maana yake mtu anajiona anatosha, si kwamba anajiona bora kuliko wenziwe. Kwa hiyo ulikwenda kutafuta ushahidi wa kumshitaki, ukarudi na wa kumtetea.

Halafu unasema "kabadilika" kama vile ni maradhi. Mwaka 2018 Ulrich Orth na wenzake walijumlisha tafiti za watu zaidi ya 160,000. Wengi wao ni wa nchi za Magharibi, najua, lakini hebu sikiliza. Kujithamini hupanda utotoni, husimama kidogo kwenye miaka ya kubaleghe, kisha hupanda sana mpaka 30, na huendelea kupanda polepole mpaka 60. Hutulia hapo hadi 70, ndipo huanza kushuka. Mkeo ana 54. Yuko pale pale umri wake ulipo. Ulidhani utulivu wake wa zamani ni tabia, kumbe ulikuwa ujana na watoto wadogo.

Wewe kwa umri wako hukupaswa kuporomoka bado. Umeporomoka kwa sababu thamani yako uliiacha ofisini pamoja na funguo. Ndiyo wanaume wetu hao. Miaka thelathini anaitwa mheshimiwa na watu wa kazini, nyumbani hajui hata sukari inawekwa wapi, siku akistaafu anataka mke amwamkie kama tarishi. Na vijana wanaooa sasa ni vile vile, mke msomi wanamtaka kwa mshahara, mdomo wake hawautaki. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yako anayo huyo huyo unayetaka kumkomesha.

Chukua simu ya mpwa wako, jaza maswali kumi yako mwenyewe, bila ya kudanganya. Alama zikiwa chini, kamwambie mkeo, si mie. Wageni wakija tena, sema "tumejenga" kabla yake. Maji ya friji lile najua unayanywa.

Mke wa pili, hapana. Hata ningesema ndiyo, mahari ungeitoa wapi? Ungekwenda kumkopa muuza mwani.