Barua kwa mwanangu: eti mzazi haulizwi?

Mwanangu,

Salamu nyingi, huku nyumbani hatujambo. Unasema mtendaji wa mtaa alipita kudai mchango wa madawati, ukamwuliza ule wa mwaka jana uliishia wapi, akakujibu mbele za watu: "Serikali ni mzazi, na mzazi haulizwi." Sasa unaniuliza mimi niliyekuzaa kama ni kweli.

Jibu hilo mtendaji wako hakulitunga. Uingereza ya karne ya 17 alikuwepo bwana mmoja, Sir Robert Filmer, aliyeandika kwamba Mungu alimpa Adamu mamlaka juu ya wanawe, na wafalme wameyarithi. Mfalme basi ni baba, na raia ni watoto wasiokua kamwe. Filmer alikufa 1653, lakini kitabu chake, Patriarcha, kilichapishwa 1680, wakati watu wakivutana kama James, ndugu wa mfalme, azuiwe kurithi kiti. Waliomtaka James wakakikumbatia.

Kumbishia Filmer hakukuwa mchezo. Algernon Sidney, mwanasiasa aliyempinga mfalme, alikuwa akimwandikia majibu, karatasi bado zimo chumbani kwake, hazijachapishwa, alipokamatwa 1683. Kesi ya uhaini ilitaka mashahidi wawili, na serikali ilikuwa naye mmoja tu. Jaji Jeffreys akazipokea zile karatasi ziwe shahidi wa pili. Kuandika, alisema, ni kutenda. Desemba mwaka huohuo Sidney akakatwa kichwa.

John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, naye mwaka ule alikimbilia Uholanzi. Akarudi 1689, James akiwa ameshakuwa mfalme na kung'olewa, akachapisha jibu lake kwa Filmer bila kutia jina. Hapo ndipo aliponifurahisha. Filmer alikuwa akinukuu amri ya kuwaheshimu wazazi kwa kumtaja baba peke yake. Locke akamwuliza: mama yuko wapi? Amri inawataja wote wawili, na mamlaka yenye wenyewe wawili huwezi kumvika mfalme mmoja! Kisha akaeleza kwamba mzazi humwamuru mtoto mpaka akili yake ikomae. Baada ya hapo mtoto anadaiwa heshima maisha yake yote, utii hadaiwi. (Kwa hiyo ukija sikukuu mizigo yangu utaibeba, ila mke siwezi kukuchagulia.)

Usimfanye mtakatifu, lakini. Huyuhuyu aliyeandika kwamba watu wote wamezaliwa huru alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyowauza Waafrika ng'ambo. Na hoja yake ya ridhaa, kwamba serikali hupata haki ya kutawala kwa kuwa watu wameiridhia, inavuja: alidai hata mtu anayepita tu barabarani ameshairidhia serikali ya pale. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, akaitoboa 1748. Ni sawa, alisema, na kudai mtu amemkubali nahodha kwa kuwa amebaki merikebuni, na hali alipakiwa amelala, na kutoka humo ni kujitosa baharini afe. Mimi sina la kumjibu Hume. Wewe hukutia saini popote, wala mimi.

Ila Locke alikuwa na swali jingine, na kwangu ndilo zito kuliko lile la nani aliridhia lini: mtawala akitumia vibaya alichokabidhiwa, mwamuzi nani? Akajibu kuwa ni wananchi, maana anayempa mtu kazi ndiye mwenye kuona kama kazi imefanyika. Mtendaji wako anatakiwa kujibu hapo, na umri wake au cheo chake havimwondolei deni hilo.

Kama mkutano wa mtaa uliupitisha huo mchango, toa, na udai stakabadhi. Mkutano ujao simama uombe mapato na matumizi ya mwaka jana yasomwe: madawati mangapi, fundi gani, kwa bei gani. Nenda na majirani wawili watatu waliochanga. Wala usimtukane yule mtendaji. Ni kijana wa watu, na huenda naye wakubwa wake wanamwambia hivyohivyo, kwamba mkubwa haulizwi.

Mama yako