Damu kwenye choo: kapime kwanza kabla ya kuwaza saratani

Pole sana ndugu. Umesema una miaka 28, wiki mbili sasa unaona damu ukienda haja kubwa, na usingizi hupati kwa kuwaza saratani. Kwa umri wako, damu mbichi inayodondoka mwishoni mara nyingi ni bawasiri, au mchaniko wa njia ya haja. Huo huuma kama wembe, hasa choo kikiwa kigumu.

Ila umetaja umekulia kisiwani Ukerewe. Mwambie daktari hilo mapema, maana kichocho cha tumbo cha Ziwa Victoria nacho huleta damu chooni, na kinatibika kwa dawa ya prazikwanteli. Damu yenye makamasi na tumbo kusokota yaweza kuwa amiba.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali leo hii.

Saratani ya utumbo mpana huwapata zaidi waliovuka miaka 50, ingawa vijana pia wapo. Kama unakonda bila sababu au mzazi wako aliiugua, uliza kuhusu kipimo cha kamera inayopitishwa njia ya haja kukagua utumbo mpana. Na tafadhali, usikubali dawa ya bawasiri bila kukaguliwa. Shangazi yangu alipoteza miezi minane hivyo.