Je, "sophomore" ni mwerevu mpumbavu?

SWALI: Mhariri, mwalimu wetu alitufundisha kwamba "sophomore", jina ambalo Wamarekani humwita mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: "sophos", mwenye hekima, na "moros", mpumbavu. Je, ndivyo lilivyozaliwa, au ni mzaha wa wasomi?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno hayo ya Kigiriki yapo, na maana zake ni hizo ulizofundishwa. La kwanza lina undugu na neno letu filosofia, na la pili ndilo ambalo mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, alilichukua mwaka 1910 kuundia neno "moron". Hata hivyo, hayo hayatoshi kuthibitisha kwamba ndiyo yaliyozaa "sophomore", kwa sababu katika miaka ya 1650 Waingereza waliandika "sophumer", na humo "moros" hayumo kabisa.

"Sophumer" lilitokana na "sophume", umbo la kale la "sophism", yaani hoja ya kijanja inayoonekana sahihi, likaongezewa kiishio "-er" cha mtendaji. Kwa hiyo lilimaanisha mtoa hoja. Jina hilo lilimfaa mwanafunzi wa zama hizo, kwani katika vyuo vya Cambridge na Oxford sehemu kubwa ya masomo ilikuwa midahalo ya Kilatini, ambamo mmoja alisimama kutetea kauli aliyopewa, wenzake wakaishambulia hoja kwa hoja, na msimamizi akaamua nani kateleza. Jamaa yake wa karibu, "sophister", angali hai katika Chuo cha Trinity, Dublin, ambako ndilo jina la wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, wala sijasikia mtu akimtafuta mpumbavu ndani yake.

Mwalimu wenu, hata hivyo, hakukosea kila kitu. Yaelekea wasomi waliokijua Kigiriki ndio waliodhani wanamsikia "moros" mwishoni mwa neno, na dhana hiyo ikavuta tahajia kutoka "sophumer" hadi "sophomore". Maana nayo haikusalimika: kivumishi "sophomoric" leo hutajwa kwa dharau, kumhusu mtu anayejiona anajua mengi ilhali fikra zake bado changa.