Miaka iliyoliwa na nzige, na "mbegu" ya laki mbili

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Miaka sita iliyopita mume wangu alikwenda visiwani kuvua, akaoa hukohuko. Mtaji uliobaki umeishia kwenye kausha damu, mikopo ya riba ya kuumiza. Sasa mtumishi mmoja wa Mungu kanipa Yoeli 2:25, kwamba nitarudishiwa miaka yangu, ila kwanza nipande mbegu, yaani nimtolee sadaka, ya laki mbili. Nikope tena?"

Marahaba, mwanangu. Usikope. Hilo limekwisha, sasa tulisome neno lenyewe, maana ni zuri kuliko aliyekuletea.

"Nami nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige, na parare, na madumadu, na tunutu." Umeona anavyowataja mmoja mmoja? Hata tunutu, nzige mchanga asiyeota mabawa. Yoeli hawaambii watu yaliyopita si ndwele. Anaihesabu hasara yote. Nawe ihesabu bila aibu: mume, mtaji, usiku uliolala ukilia.

Halafu rudi mstari wa 12 na 13. Wanaambiwa wamrudie Mungu kwa kufunga na kulia, wararue mioyo yao, si mavazi. Laki mbili haimo. Nimeitafuta.

Kinachorudi ni nini basi? Soma mbele: mvua ya masika na ya vuli, sakafu za kupuria zilizojaa ngano. (Wewe unayeanika dagaa mchangani, najua masika kwako ni kesi nyingine.) Hutakuwa tena na miaka 32. Yanayorudi ni mavuno, na kwenye sakafu ya kupuria watu wanatoka jasho. Mbona haya unayaona kila mwezi? Mbalamwezi ikiwaka, karabai za kuvutia dagaa hazina kazi, wavuvi wanashona nyavu. Zile siku hakuna anayezidai. Wanangoja giza, na giza likiingia wanarudi ziwani.

Nyavu zako ni hizi. Huyo wa kausha damu muulize leseni. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inamtaka awe nayo. Kisha nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, uulizie mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani. Hauna riba, ila unataka kikundi, kwa hiyo anza na wenzako mnaoanika pamoja.

Hukuniuliza kama mume naye yumo kwenye "nitawarudishia". Siku ukitaka kuuliza, niandikie tena.