Mkuu, hilo jiko litoe nje, mengine baadaye

Sina salamu leo. Umeandika kwamba umehamia Njombe wiki iliyopita, baridi inakutesa, jana ukaingiza jiko la mkaa chumbani, na "nimelala usingizi mzuri kuliko siku zote, ila asubuhi kichwa kilikuwa kizito." Mkuu, ule haukuwa usingizi. Ulikuwa unakufa taratibu, bahati yako kukakucha.

Na huyo aliyekushauri hapo juu utege sufuria la maji "linyonye sumu", pacha wake namjua. Mimi aliniambia mama mwenye nyumba, Julai 2013, hukohuko Njombe: mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha, hauna neno, ingiza ndani, tega maji. Alisema kwa uhakika wa daktari bingwa. Nilikuwa na C ya kemia ya kidato cha nne, nikamwamini mtu anayeuza mkaa kwa ndoo. Cheka, ruksa.

Siku hiyo mdogo wangu alikuwa ametoka Kyela. Mtoto wa Kyela baridi anaijua kwa kusikia. Tukachoma mahindi uani, tukala, tukalivuta jiko ndani. Halafu nikakunja kanga kuukuu nikaziba uwazi wa chini ya mlango, upepo usipite. Nikajiona mjanja kabisa.

Saa nne usiku hivi akaniita. "Kaka, kichwa kinaniuma, nasikia kutapika." Nikamwambia ni uchovu wa basi. Nikampa Panadol mbili, nikamfunika vizuri. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga na magoti yamelegea, nikasema labda malaria inaninyemelea. Watu wawili, chumba kimoja, ugonjwa mmoja, saa ileile, na sikujiuliza! Jiko nimeshalisamehe. Zile Panadol mbili bado.

Mimi niliokolewa na mkojo. Choo kilikuwa cha nje. Nikatoka nikipepesuka, na mlango nikaurudishia nyuma yangu, baridi isimpige. Nilianguka kabla ya kukifikia choo. Jirani aliyeamka alfajiri kuteka maji ndiye aliyenikuta kwenye umande. Walipoingia ndani, mdogo wangu alikuwa ameshapoa. Lile sufuria la maji lilikuwa bado juu ya jiko.

Watu wakakimbilia maziwa waninyweshe. Maziwa hayafanyi kitu hapa, mtu anatakiwa hewa safi upesi na oksijeni ya hospitali. Tabibu alinieleza baadaye kwamba mkaa mwekundu ndio unaoitoa kwa siri: kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Maji hayainyonyi. Kwa hiyo anayesema "mbona mimi hulala nalo miaka yote" ana mlango wenye nyufa, si utaalamu.

Sheria yangu ni moja: jiko lenye moto halivuki kizingiti. Hata ukilifunika majivu, hata ukiacha dirisha wazi kidogo, hata kwa "dakika kumi tu mpaka chumba kipate joto", maana hizo dakika kumi ndizo usingizi unazozipenda. Nimeshagombana na shemeji zangu kwa ajili hiyo, wananiita afisa afya. Sawa tu.

Uliuliza pia hita ipi haili umeme, na vyumba vya bei nafuu viko mtaa gani. Hita sijawahi kununua. Vyumba, mji ule niliuhama mwezi uleule, bei sizijui tena. Nunua mablanketi mawili mazito, vaa soksi, jaza maji ya moto kwenye chupa uikumbatie.

Kichwa chako kikoje sasa hivi? Na hapo unaposoma, jiko liko wapi?