Swali la lugha: Nimekula "mataco matatu"?

Msomaji wetu wa Chicago anauliza: "Mtaani kwetu Pilsen Wameksiko ni wengi, na Ijumaa jioni huwa tunakwenda kwenye mgahawa wao kula taco, ule mkate mwembamba uliokunjwa na nyama ndani. Juzi nikasema, 'Leo nimekula mataco matatu,' meza nzima ikaangua kicheko. Mama mkwe alikuwepo. Ningesemaje? Na zile salsa tuziiteje?"

Pole, hasa kwa mkwe. Alichosikia ni makalio, tena kwa jina lile lisilotajwa mbele za watu. Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni ngeli uliyolitia. Ukilipeleka LI-YA, wingi wake unadai ma-, na hapo kuandika kwa c badala ya k hakukuokoi, maana sikio halisomi herufi.

Liweke I-ZI, pamoja na chapati, sambusa, piza na soseji. Taco hii imepoa, taco hizi zimepoa. Nimekula taco tatu. Ile -s ya "tacos" waachie wenyewe, sisi wingi tunauonyesha kwingine.

Wengi huteleza mbele kidogo, kwenye upatanisho. Mtu anaanza vizuri, "Tuagizie taco mbili," halafu anauliza, "Yana pilipili?" Basi, kicheko upya. Ni "zina pilipili?" Hata umoja una mtego wake: "Hiyo taco ya nani?" ni swali la chakula, "hilo taco la nani?" ni ugomvi.

Salsa kwa Kihispania ni sosi ya aina yoyote, kwa hiyo jina moja la Kiswahili halitoshi. Ile ya kusagwa, ya kijani au nyekundu, mimi naiita pilipili tu, kama tunavyoiomba kwenye mishikaki. Ila ile ya nyanya, kitunguu, pilipili mbichi na kotimiri, vyote vimekatwakatwa na kukamuliwa ndimu, wao huiita pico de gallo. Hiyo ni kachumbari, usihangaike. Tortilla, yaani huo mkate wa taco, nayo ibaki tortilla. "Chapati ya mahindi" inaeleweka, lakini mgeni atatarajia mafuta na tabaka, na hatavipata.

Hukuuliza kuhusu taco za al pastor, ila najua swali linakuja. Nyama yake ndani huchomwa kwenye chuma kilichosimama wima na kukatwa vipande vyembamba, ufundi uliofika Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni, ndiyo maana wenzetu wakiiona tu husema "shawarma". Jina hilo usilitumie kumwagizia mtu. Al pastor kwa kawaida ni nguruwe, na Mwislamu akisikia shawarma hataulizia nyama. Mwambie wazi, "Hizi za al pastor ni za nguruwe, za carne asada ni za ng'ombe wa kuchoma," kisha achague mwenyewe.